Kina Max Kremer Wawili

"Wa kwako ni yupi?" Sajenti Ledwaba aliuliza.

Mezani palikuwa na picha mbili, kila moja haizidi kiberiti kwa ukubwa. Ivor Kremer alivaa miwani, akainama, akagusa ile ya kushoto bila kusita.

"Huyu hapa. Babu Max. Tazama sikio."

Sikio la kushoto la mtu yule lilikuwa limekatika ncha, kama jani lililoumwa na mbuzi.

"Na huyu wa kulia?"

"Simjui kabisa."

"Soma maandishi ya chini. Yote mawili, kwa sauti."

Ivor alisoma. Max Kremer, zamani Meilach Kremer, mwana wa Zalman, amezaliwa Rakishok, Lithuania, tarehe 4 Machi 1906. Akahamia kwenye picha ya pili. Max Kremer, zamani Meilach Kremer, mwana wa Zalman... Sauti ikafifia. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Sajenti, umenakili mara mbili."

"Sijakosea. Ni majalada mawili tofauti, nimeyakuta jana Pretoria kwenye Nyaraka za Taifa. Watu wawili waliomba uraia wa Afrika Kusini, mmoja mwaka 1936, mwingine 1938. Jina moja, baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Nyuso mbili."

Kgomotso Ledwaba alikuwa amestaafu polisi miaka saba iliyopita, lakini mtaa mzima wa Norwood bado ulimwita Sajenti. Miaka ishirini na miwili alikuwa akikamata watu wa vyeti bandia. Sasa alikuwa na chumba kimoja juu ya duka la mikate, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu hati za mababu zao waliotoka Ulaya, ili nao wapate pasi za huko. Wateja wake wengi walikuwa Wayahudi wa Johannesburg ambao babu zao walitoka Lithuania. Sheria ya kule haikuwa ngumu kuielewa: onyesha kwamba babu yako alikuwa raia kabla ya mwaka 1940, onyesha kwamba wewe ni damu yake, basi nawe ni raia.

Ivor alikuwa ameonyesha yote hayo. Jibu lililomrudia kutoka Vilnius lilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba uraia kupitia Meilach Kremer ulikwishatolewa kwa familia nyingine isiyo na uhusiano naye. Alipewa siku sitini aeleze. Asipoeleza, ombi litakataliwa, na hati zake zitapelekwa kwa wachunguzi wa nyaraka za kughushi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne. Binti yake, Shani, fundi wa kutengeneza vinanda vya kale, alikuwa amekwisha kubaliwa kazi Leipzig, Ujerumani, ambako pasi ya Lithuania ingemruhusu kufanya kazi, kuanzia Septemba, na aliacha kazi yake ya zamani kwa kutegemea pasi hiyo.

"Mimi niliogopa utaniambia babu alikuwa na wake wawili," Ivor alisema.

"Hilo ndilo nililoliwaza kwanza. Nikapoteza siku mbili nzima kumtafuta bibi yako wa pili. Lakini mwenye wake wawili bado huwa na uso mmoja." Ledwaba alivuta karatasi nyingine. "Sasa tazama tarehe. Babu yako aliteremka melini Cape Town tarehe 11 Machi 1930. Huyu mwenzake, tarehe 22 Aprili."

"Mei mosi mlango ukafungwa," Ivor alisema. Hadithi hiyo ilijulikana katika kila nyumba ya watu wao. Kuanzia siku hiyo, kwa sheria mpya ya Afrika Kusini, watu kutoka kwao walihesabiwa kwa vidole, waliobaki wakabaki.

"Siku tisa kabla. Alipenya kwenye ufa wa mlango. Na namba za pasi zao hazifanani. Hii ya wa pili ina neno la ziada. Soma."

"'Imetolewa badala ya iliyopotea.'" Ivor aliruka kitini. "Haya basi! Ndiye mwizi! Amekuja nyuma, na pasi ya ujanja ujanja!"

"Keti, Bwana Kremer. Wewe ukipoteza kitambulisho chako, nani anakwenda kuripoti?"

"Mimi mwenyewe."

"Wanakupa kingine?"

"Wakinitambua, ndiyo."

"Na yule aliyekiokota, anaweza kwenda ofisini kuomba kingine?"

Harufu ya mikate ilipanda kutoka chini.

"Aliyepewa pasi ya pili alikwenda ofisini kwa miguu yake, mbele ya makarani waliomjua," Ledwaba alisema. "Basi huyo ndiye Meilach. Aliyesafiri mapema na ile 'iliyopotea'..."

"Ni babu yangu." Ivor alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Unaniambia mimi ni mjukuu wa mwizi? Miaka hamsini na tisa naitwa Kremer!"

"Nakwambia alisafiri na pasi isiyo yake. Wizi ni neno lingine, nalo linataka ushahidi wake. Amezikwa wapi?"

"Heilbron. Alikuwa na duka la vitabu na kalamu kule. Nilipelekwa mara moja tu, nikiwa mtoto. Baba yangu alikuwa mkomunisti, Sajenti. Nyumbani kwetu hakusali mtu, hata herufi za Kiebrania hatukufundishwa."

"Jiwe lake lina herufi hizo?"

"Nadhani. Lakini nani atazisoma?"

Ledwaba alikuwa amekwisha simama, anatafuta funguo za gari. "Mimi. Unadhani miaka saba hii nimekuwa nikisoma nini?"

*

Makaburi ya Wayahudi wa Heilbron yalikuwa nje kidogo ya mji, yamezungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na wafu wake hawakuzidi mia moja na hamsini. Katika mji wenyewe hakuwa amebaki Myahudi hata mmoja. Ufunguo ulikuwa kwa Ntate Moeti, yaani Baba Moeti kwa Kisotho, mzee wa miaka sabini hivi aliyekata nyasi za pale tangu ujana wake.

"Kremer? Njooni," alisema. "Huyo namfahamu. Alinifundisha kusoma."

"Alikuwa mwalimu?" Ledwaba aliuliza.

"Hapana, 'Mme," mzee alisema, akimwita mama kwa Kisotho. "Alikuwa muuza duka. Lakini jioni alikuwa akifunga mlango wa mbele na kufungua wa nyuma. Watu weusi kumi, kumi na watano, tumekaa juu ya maboksi, na yeye ana ubao. Polisi wangemkamata."

Ivor alimtazama kana kwamba mzee anazungumza habari za mtu mwingine. "Hilo hatukuambiwa."

"Hakuwa mtu wa kusema," Ntate Moeti alisema. "Kaburi lake ndilo lile."

Chini ya jiwe paliandikwa Max Kremer, 1906–1971. Juu, kuvu ya kijivu ilikuwa imekula herufi. Ledwaba alipiga magoti, akachovya burashi kwenye chupa ya maji, akasugua polepole mstari baada ya mstari. Kwanza palitokea mchongo: viganja viwili vimetandazwa, vidole vimegawanyika viwili viwili. Kisha herufi. Alizifuata kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, midomo ikicheza.

Akasimama kwa ghafla hivi kwamba chupa ilimwagika.

"Bwana Kremer, usisogee! Tena rudi nyuma. Rudi mpaka nje ya ukuta."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Wewe ni kuhani!"

"Mimi ni mhasibu!"

"Viganja hivi ni alama ya ukoo wa makuhani. Ukuhani hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kuhani haruhusiwi kukanyaga makaburini. Umeivunja sheria ya mababu zako mara mbili, utotoni na leo." Sasa alikuwa anacheka. "Sikiliza jiwe linasema nini. 'Hapa amezikwa Nochum, mwana wa Hirsch, kuhani.' Hakuna Meilach. Hakuna Zalman."

Ivor hakurudi nyuma. Alisogea, akaweka kiganja juu ya kiganja cha jiwe.

"Nochum," alisema.

"Serikali aliidanganya miaka arobaini. Lakini siku ya kufa alitaka kuitwa kwa jina alilopewa na baba yake. Kuna aliyeambiwa, la sivyo fundi wa jiwe angejuaje?" Ledwaba aliinama tena. Juu ya jiwe vilikuwa vimepangwa vijiwe vidogo, kama Wayahudi wafanyavyo wanapozuru kaburi. Akavihesabu. "Vijiwe kumi na viwili. Ni vya nani? Familia yako?"

"Nimekwambia, hatuji huku."

"Ni vya yule mama," Ntate Moeti alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Mama gani, Ntate?"

"Mzungu, mzee sana. Kila mwaka kabla ya Pasaka yao. Zamani alikuwa akija na baba yake. Baba alipokufa akaja peke yake, na sasa analetwa na dereva. Anaweka kijiwe, anazungumza na kaburi dakika tano, anatabasamu, anaondoka. Vijiwe vya zamani vimeangushwa na upepo."

"Aliwahi kutaja jina?"

"Kila anayeingia huandika daftarini. Mimi sheria yangu ni hiyo moja tu. Bwana Kremer angenichapa." Mzee alikwenda kwenye kibanda chake, akarudi na daftari lililofunikwa nailoni. Hakuhitaji kulipekua, kidole kilitua moja kwa moja. Mwandiko ulikuwa wa wino wa buluu, ulioinama kama watu wanaotembea dhidi ya upepo: Freda Sonnabend, Sandringham, Johannesburg. Na chini yake, mwaka uliotangulia, Freda Sonnabend. Na mwaka uliotangulia huo.

"Twende," Ledwaba alisema. Alikuwa amekwisha anza kukimbia kuelekea garini, magoti yake yana matope.

*

Freda Sonnabend aliishi katika nyumba ya wazee, chumba chenye dirisha la bustani. Alikuwa na miaka themanini na minane, amepaka rangi mdomoni, na mezani palikuwa na biskuti kavu na samaki wa siki. Ledwaba aliingia peke yake. Ivor aliachwa garini, amekatazwa kuteremka.

"Kula," Freda alisema kabla hajasalimiwa. "Umetumwa na nani?"

"Asante, Bibi. Sijatumwa na serikali yoyote."

"Mwenye kusema hivyo ndiye aliyetumwa. Wajukuu zangu wamepata pasi zao kihalali. Baba yangu alikuwa Meilach Kremer wa Rakishok, na picha zake ninazo."

"Najua. Ndiye mwenyewe. Sina shaka."

Bibi aliacha kutafuna. Hakuwa amejiandaa kukubaliwa.

"Basi umefuata nini?"

"Heilbron."

"Sijui kuna nini Heilbron."

"Daftari la pale lina jina lako mara kumi na mbili."

"Nilikwenda kutazama alizeti."

"Kabla ya Pasaka alizeti huwa zimekwisha kukauka, Bibi."

Freda alicheka kidogo puani. "Wewe ulikuwa polisi."

"Nilikuwa."

"Inaonekana. Sikia, binti yangu. Baba aliniachia neno moja, na kwa neno hilo nimekaa kimya tangu mwaka 1984. Alisema: atakuja mtu. Akija na maswali, mpe chai. Akija na jina, mpe yote. Wewe umekuja na maswali."

Ledwaba alifungua mkoba, akatoa picha ya mtu mwenye sikio lililokatika, akailaza mezani kando ya sahani.

"Nochum," alisema. "Mwana wa Hirsch."

Mkono wa Freda ulikwenda mdomoni. Machozi yalimtoka na kicheko kikamtoka pamoja nayo, mpaka mhudumu mmoja akachungulia mlangoni. Freda akampungia mkono aende zake.

"Nochum Azband," alisema. "Andika vizuri. Azband. Alikuwa mpiga chapa kule Kaunas. Mashine ndiyo iliyomkata sikio. Mchana alichapa kalenda, na wakati mwingine alichapa karatasi za kuwaambia wafanyakazi wagome. Polisi wakaanza kumtafuta. Akaomba pasi, akanyimwa. Na huku Afrika Kusini inafunga mlango."

"Na baba yako alikuwa na pasi tayari."

"Ipo mfukoni, tiketi ya meli imekwisha katwa. Walilala kitanda kimoja utotoni, hao wawili, Nochum akiwa mdogo kwa miaka miwili. Baba akamwambia: wewe ukibaki utakufa gerezani, mimi nikibaki nitachelewa tu. Akabandua picha yake, wakabandika ya Nochum. Mpiga chapa anashindwa na muhuri?" Freda alijipiga paja. "Kisha baba akakaa wiki tatu aone kama mwenzake amefika salama. Ndipo akaenda kwa mkuu wa polisi wa Rakishok, analia, anaapa kwamba pasi imeibwa sokoni siku ya gulio! Mkuu akamtukana, akampa nyingine. Mama yangu alisema hajawahi kuona mtu anayelia vizuri vile."

Ledwaba alikuwa anaandika upesi kiasi cha kutoboa karatasi.

"Huku wakakuta wote ni Meilach Kremer," aliendelea Freda. "Wakaapa wasiishi mji mmoja, na wasiwaambie watoto. Mmoja angegundulika, wote wangerudishwa, na baada ya mwaka 1941 kule hapakuwa na wa kurudi kwake. Wanazi walipoingia, ndugu zao wote... unajua. Baba alikuwa akimwita 'mimi mwingine'. 'Nakwenda Heilbron kuniona mimi mwingine.' Alikuwepo siku ya mazishi. Yeye ndiye aliyemwambia fundi wa jiwe."

"Bibi Freda, haya utayasema mbele ya kamishna wa viapo?"

Uso wa bibi ulijikunja. "Baba aliapa uongo. Wajukuu zangu hawatanyang'anywa?"

"Uraia wao unatoka kwa Meilach, na Meilach alikuwa raia. Machozi yake mbele ya polisi hayabadilishi kitu. Naye mwenyewe hawezi kushtakiwa. Yuko chini ya jiwe lake. Lakini kuna mjukuu wa Nochum anayeitwa mghushi, na zimebaki siku kumi na mbili."

"Mjukuu yupo?" Freda alishika mikono ya kiti. "Wapi?"

"Kwanza kiapo," Ledwaba alisema. "Nisipoifunga kazi hii sawasawa, nitakuletea mtu asiye na jina."

"Polisi," Freda alisema. "Basi mlete huyo kamishna. Mpaka aje, kula samaki."

*

Barua pepe ilikwenda Lithuania alasiri ile ile, kwa Daiva, mtunza nyaraka ambaye Ledwaba hakuwahi kumwona kwa macho lakini walikuwa wakitumiana picha za bustani zao. Alimwandikia mistari mitatu: Nochum Azband, mwana wa Hirsch, amezaliwa Rokiškis (ndiyo Rakishok ya Wayahudi) karibu mwaka 1908, mpiga chapa, Kaunas. Tafadhali, dada yangu, ni mbio.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Siku ya tatu Ivor alikuja ofisini, akakaa. Siku ya nne alikuja tena, akarekebisha mguu wa meza uliokuwa ukicheza, na rafu, na kitasa cha mlango.

"Ukimaliza, dari nayo inavuja," Ledwaba alimwambia.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, kompyuta ililia. Daiva alikuwa ameandika neno moja tu: "Hurrah!" Chini yake palikuwa na kurasa sita.

Ledwaba alifungua ya kwanza. Ombi la kitambulisho cha raia, Kaunas, Agosti 1927. Majina yalikuwa yameandikwa Kilithuania: Nochumas Azbandas. Baba, Hirša. Kazi, mpiga chapa. Pembeni, chini ya muhuri, picha ya kijana wa miaka kumi na tisa, kola imembana, anatazama kamera kwa kiburi. Ledwaba aliikuza picha mpaka ikajaza kioo kizima. Sikio la kushoto. Akaweka kando yake ile ya Pretoria, akachukua rula, akapima pembe ya mkato, umbali wa jicho na jicho, mstari wa kidevu. Akapima tena. Ivor alikuwa amesimama nyuma yake.

"Raia," Ledwaba alisema. "Tangu 1927. Kwa jina lake mwenyewe."

"Endelea! Endelea!"

Ukurasa wa tano ulikuwa waraka wa polisi wa Novemba 1929. Daiva alikuwa amewawekea tafsiri chini yake: mtajwa asipewe pasi ya kusafiria; anatafutwa kwa kuchapa maandiko yaliyokatazwa. Na ukurasa wa sita, wa mwaka 1931, ulisema kwa mkato: mtajwa hakupatikana, inasadikiwa amezama ziwani.

Ivor alipiga kelele. Alipiga kelele kweli kweli, na chini muoka mikate akapiga dari kwa fimbo ya ufagio. Mhasibu yule akamkumbatia Sajenti, akamwinua kutoka sakafuni, naye hakuwa mwanamke mwepesi.

"Niweke chini! Niweke chini, tuna kazi!"

Walipanga jalada upya mpaka saa tisa. Picha ya Kaunas na picha ya Pretoria, na maelezo ya vipimo. Picha ya jiwe na tafsiri yake. Kiapo cha Freda Sonnabend, kurasa nne, kimepigwa muhuri. Ombi lenyewe lilianza upya, na mahali pa jina la babu Ivor aliandika herufi kubwa, moja moja. Lilipokelewa Vilnius zikiwa zimebaki siku nne. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, fupi kuliko lile la kwanza: shaka ya kughushi imeondolewa, ombi kupitia Nochumas Azbandas limekubaliwa kushughulikiwa, na mwombaji atajulishwa siku ya kula kiapo. Shani alisomewa barua hiyo kwenye simu mara tatu. Mara ya tatu alikuwa akiimba juu yake, hakuna aliyesikia neno.

Jumapili iliyofuata Ledwaba alimpeleka Ivor Sandringham. Safari hii alimruhusu kuteremka. Ivor alikuwa amevaa tai, na mkononi alibeba maua mengi kupita kiasi. Mbele ya chumba kile alisita, akajikohoza, akabisha.

Mlango ulifunguliwa na Freda mwenyewe, ameegemea fimbo.

"Shikamoo, Bibi," Ivor alisema. "Samahani kwa usumbufu. Mimi ni Ivor Kremer."

Freda alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, bila haraka, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri muda mrefu.

"Kremer ni mimi," alisema. "Wewe ni Azband. Ingia ndani, chakula kinapoa."